Siku Saba za Mtumiaji wa Kawaida

Mke wangu husema mimi naweza kubishana na redio mpaka ikazimika yenyewe. Anasema kwa utani, ila siku hizi akisema sicheki. Mimi ni fundi simu, mwaka wa kumi na tisa huu. Kibanda changu kiko kwenye korido ya chini ya jengo la maduka, kati ya mchonga funguo na ngazi za kupandia juu. Nina meza ya kioo, taa ya kubana, benchi la wateja watatu, na ubishi. Huo ubishi ndio ulionifanya nimtendee mama mmoja jambo ambalo nikilikumbuka napata joto masikioni, hata nikiwa peke yangu.

Mama mwenyewe ni mshonaji. Chumba chake kiko ghorofa ya pili ya jengo hilohilo, mlango wa mwisho, upande wa dirisha kubwa. Umri wake kama wa mama yangu. Ni mfupi, ana mikono ya haraka, huvaa aproni yenye mfuko mkubwa mbele, na tepu ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda kununua maji. Jengo zima linamjua kwa mambo mawili: nguo zake hazirudishwi kurekebishwa, na hasahau mwili wa mtu. Mke wangu alirudi kwake baada ya miaka mitatu, akaambiwa mlangoni, "Karibu mwanangu, kiuno kimeongezeka." Alirudi nyumbani amenuna, lakini gauni lilimkaa sawasawa.

Sasa nije kwangu. Kuna kundi mtandaoni, watu elfu kumi na moja, wote tunajifanya tunazijua simu. Humo mimi si fundi wa koridoni. Humo mimi ni Fundi Mkuu, mtu wa kuulizwa, nikiandika neno watu wanabonyeza alama ya dole gumba mpaka simu inatetemeka mezani. Nilikuwa na mpinzani mmoja anayejiita Profesa. Sijawahi kumwona uso. Miaka mitatu tuligombania kitu kimoja: mtumiaji wa kawaida. Profesa alidai mtumiaji wa kawaida anataka simu yake ibaki kama alivyoiacha jana. Mimi nilidai mtumiaji wa kawaida hajui anachotaka. Mpe kipya, atalalamika siku tatu, siku ya saba atakushukuru. Kila mmoja wetu alimzungumzia mtu huyo kama vile amelala kwake.

Ikatokea kampuni moja ikatoa toleo jipya la mfumo wa kuendeshea simu zake. Zamani simu hizo zilikuwa na kitufe ubavuni: ukikibonyeza inarekodi sauti, ukikiachia imemaliza, na rekodi inapewa namba. Moja, mbili, tatu, basi. Toleo jipya likakigeuza kitufe kile kuwa cha kumwita msaidizi anayeongea, na rekodi zikaanza kupewa majina marefu ya siku na mahali, tena zikapangwa kwa makundi. Profesa akaandika waraka mrefu kulalamika kwamba watu wameporwa kitufe chao. Mimi nikamjibu kwa mbwembwe. Nikasema nitamchukua mteja wangu mmoja, mtu mzima, si mtu wa mitandao, nimwekee toleo jipya, nilete ripoti kila siku kwa siku saba. Kufika saa nane mchana watu mia nne walikuwa wamenishangilia. Kilichobaki ni kumpata huyo mtu.

Kesho yake asubuhi mshonaji akashuka na simu yake. Tundu la chaji lilikuwa limelegea. Ilikuwa simu ileile hasa, yenye kitufe ubavuni, kitufe chenyewe kimelika rangi kwa kubonyezwa. Kulisafisha tundu ilinichukua dakika kumi. Saa nzima iliyofuata niliitumia kumwekea toleo jipya. Sikumuuliza. Alipokuja kuichukua nikamwambia, "Mama, nimekuwekea na mfumo mpya, bure, zawadi yangu kwako."

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema, akaiweka mfukoni mwa aproni, akapanda ngazi.

Kabla ya adhuhuri akawa amerudi. Benchini walikuwepo wateja wawili.

"Fundi, kitufe changu kimeharibika. Nikikibonyeza kuna mtu ananiuliza anisaidie nini."

"Si umwambie unachotaka, mama," nikasema. Wale wa benchini wakacheka.

"Na namba zangu sasa ziko wapi?"

"Zimo humohumo. Imeandikwa hapo kwa herufi kubwa kabisa. Soma tu."

Akaishika simu mbali na uso, akaisogeza karibu, akaigeuza kidogo kuelekea kwenye taa yangu. Kisha akasema, "Miwani nimeiacha juu," akaondoka.

Nikaandika kundini: "Siku ya kwanza. Mtumiaji wa kawaida amekitafuta kitufe. Ameambiwa asome. Amesahau miwani." Watu wakavunjika mbavu. Siku ya pili akaja tena, nikamwambia tena asome, miwani ikawa tena juu. Siku hiyo nikampa jina. Nikamwita Mama Miwani. Watu walilipenda jina hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika katika miaka yangu yote ya kubishana, na kuna walioanza kuniamsha asubuhi kwa kuuliza Mama Miwani ameamkaje.

Siku ya tatu alikuja mapema, korido ikiwa tupu. Alikuwa anaongea polepole, kama mtu aliyekuja kuomba.

"Mwanangu, huwezi kuirudisha ilivyokuwa? Mimi ya zamani ilinitosha."

Kuirudisha ilikuwa kazi ya dakika arobaini. Nilikuwa na waya, nilikuwa na kompyuta, nilikuwa na nafasi. Nikamwambia, "Haiwezekani, mama. Ikishapanda haishuki." Ulikuwa uongo mtupu, nao ulinitoka bila hata kumeza mate, kwa sababu zilikuwa zimebaki siku nne na ningeaibika mbele ya watu elfu kumi na moja nisiowajua.

Siku ya nne hakuja. Nikaandika: "Kimya. Amezoea. Profesa, upo?" Profesa akajibu mstari mmoja: "Kukaa kimya si kuzoea. Umemuuliza?" Nikamwekea alama ya kucheka. Wengine wakadai picha. Walitaka kumwona Mama Miwani akiifurahia simu yake mpya. Nikaahidi kuwaletea.

Kwa hiyo siku ya tano, saa nne asubuhi, nikapanda ghorofa ya pili na simu yangu mkononi kama mwandishi wa habari.

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye meza ndefu vilipangwa vifurushi vya kitambaa cha buluu, vimekatwa na kufungwa kwa utepe, kila kimoja kina namba ya chaki juu yake, ya mwisho ishirini na sita. Zilikuwa sare za wafanyakazi wa zahanati. Katikati ya chumba alisimama dada wa mapokezi wa hiyo zahanati, amevaa sare iliyokwisha kushonwa, na vifungo vya kifuani havikutani. Mshonaji alikuwa amepiga magoti anakagua pindo, ingawa tatizo halikuwa pindoni.

"Mama, wewe si wa kukosea hivi," dada alikuwa anasema. "Hii ya sita sasa. Bosi amesema Jumatatu zisipokuwa sawa, zilizobaki zitapelekwa kwa fundi mwingine."

"Ni uzee, mwanangu. Niachie, nitaifumua."

Dada akabadilisha nguo nyuma ya pazia, akanipita mlangoni bila kunisalimia. Mshonaji akanikaribisha, akakaa kwenye kiti chake, akaichukua ile sare. Akaanza kuniuliza habari za mke wangu. Huku akiniuliza, akachukua sindano nyembamba kuliko zote mle ndani, akatunga uzi mweusi. Mara moja tu. Hakukodoa macho, hakulowesha uzi, wala hakuiangalia vizuri.

Nikabaki namtazama. Nikatafuta miwani kwa macho. Juu ya cherehani haikuwepo, dirishani haikuwepo, shingoni ilikuwepo tepu tu.

Pembeni mwa meza lilikuwepo daftari limefunguliwa, kalamu katikati. Kila mteja wa mama huyu analijua daftari hilo. Akikupima huandika, tena kwa mwendo wa karani. Nililisogeza ili nipate pa kukaa, jicho likaniangukia ukurasani. Palikuwa na mawimbi. Mistari ya mawimbi safi, iliyonyooka, ukurasa mzima, wa pili, wa tatu, mpaka mwanzo wa daftari. Hapakuwa na herufi hata moja.

Nilihisi kama mtu aliyeingia bafuni kwa watu bila kubisha hodi. Yeye akaacha kushona.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, mama."

"Basi funga mlango."

Nikaufunga. Akanieleza kwa ufupi, bila kulia na bila kunilegezea. Ana miaka thelathini na minne katika ushonaji. Namba za kwenye tepu anazijua, alifundishwa na aliyemfundisha kukata. Herufi hakuna aliyemfundisha, na alipokuwa mtu mzima ilikuwa aibu kuanza. Miaka mingi alivihifadhi vipimo vyote kichwani. Kisha akapata simu yenye kitufe. Akimpima mtu, mkono mmoja unachora mawimbi, mwingine uko mfukoni mwa aproni umekibonyeza kitufe, na yeye anataja vipimo kwa sauti kama anayejikumbusha: kifua, bega, mgongo umepinda kidogo, huyu ana mimba aachiwe nafasi. Rekodi ikipata namba, anaiandika namba ileile kwa chaki juu ya kitambaa.

"Kichwa kikapumzika," akasema. "Ndipo nikathubutu kupokea kazi za watu ishirini na sita. Sasa namba zangu zimekwenda, kuna maneno matupu. Nimejaribu kuzisikiliza moja moja, sijui ipi ni ya kitambaa kipi. Nimeshona kwa kubahatisha."

"Nyumbani hawajui?"

"Wanangu wanajua macho yangu ni mabovu. Marehemu baba yao alikuwa ananisomea barua, anadhani naipenda sauti yake." Akatabasamu kidogo. "Nilikuwa naipenda pia."

Nikamwambia nitairudisha simu sasa hivi, nishuke nikalete kompyuta.

"Si ulisema ikishapanda haishuki?"

Hapo ningeweza kusema nimepata njia mpya jana. Uongo huo ulikuwa mdomoni tayari, umeiva. Sijui kwa nini sikuutoa. Labda ni ule uzi uliokwisha kuingia kwenye sindano. Nikamwambia kila kitu. Kundi, Profesa, siku saba, jina nililompa. Nilikuwa naongea huku naangalia viatu vyangu.

Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akanionyesha simu yangu.

"Nisomee."

"Mama, hayafai."

"Wewe umesema imeandikwa, nisome. Mimi siwezi. Nisomee wewe."

Nikasoma. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Maneno niliyoyaandika nikiwa natafuna chakula cha mchana, nikijiona mjuzi, niliyatamka moja moja mbele ya mwenyewe, kwenye chumba chake, na kila sentensi ilikuwa ndefu kuliko nilivyoikumbuka. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Nikafika kwenye maoni ya watu. Moja lilikuwa baya, nikalipita, nikaendelea na la chini yake.

"Rudi," akasema.

"Nini, mama?"

"Kidole chako kimeshuka sana na mdomo haukusema kitu. Mimi nimetazama watu wakisoma maisha yangu yote. Rudi."

Nikarudi. Nikasoma: "Watu wa aina hii wapewe tochi na redio, simu waachiwe wenye akili."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Niliweka alama ya kucheka."

Akaitikia kwa kichwa kama anayepokea kipimo. Nikaendelea mpaka nikafika kwa Profesa, mstari wake mmoja. Akanisimamisha akaniuliza huyo ni nani. Nikamwambia simjui. Akasema, "Basi," na mimi nikaelewa kwamba kusoma kumekwisha.

Nilipandisha kompyuta, nikazihifadhi rekodi zake kwanza, nikairudisha simu kwenye toleo la zamani. Dakika arobaini, kama nilivyojua tangu mwanzo. Yeye alifumua sare muda wote huo. Namba ziliporudi, akabonyeza ya kumi na saba, sauti yake ikasema chumbani: "Dada wa mapokezi, kifua arobaini na mbili, usimbane, kazi yake ni ya kukaa." Akaigeuza ile sare iliyokataa kufunga, akaangalia namba ya chaki upande wa ndani. Ilikuwa tisa, kitambaa cha mtu mwingine. Hakuniangalia.

Nikamwambia nitaandika kundini, nitakiri, nitamwomba msamaha hadharani. Nilikuwa nimeshaanza kuipanga barua kichwani, na nakiri ilikuwa barua nzuri, yenye machozi, ambayo ingepata alama nyingi za dole gumba. Hata katika toba nilikuwa natafuta kushangiliwa.

"Usiniandike tena," akasema. "Baya usiandike, zuri usiandike. Ukinitetea watakuuliza kwa nini, na wewe huwezi kumwacha mtu bila jibu. Nakuona kila siku pale chini."

Nikaapa. Nikashuka. Nikafuta kila nilichoandika juu yake, nikaweka mstari mmoja tu: "Jaribio nimelisimamisha. Profesa alikuwa sahihi." Watu wakaniuliza kumetokea nini. Wakauliza Mama Miwani amekufa? Wakasema Fundi Mkuu amefyata mkia. Profesa mwenyewe aliniuliza kwa upole, faraghani, kama kuna tatizo. Sikumjibu yeyote. Ilikuwa mara ya kwanza, na wala sioni kwamba nastahili sifa kwa hilo.

Jumatatu ilipofika alikuwa amemaliza sare kumi na nne. Zilizobaki zilichukuliwa, zikapelekwa kwa fundi mwingine, na kazi ya zahanati haikurudi tena ghorofa ya pili. Wenye maduka walisema mama amezeeka, mikono imechoka. Niliwasikia wakisema hivyo mbele ya kibanda changu, nikaongeza sauti ya redio.

Kumbe kufuta hakusaidii. Kuna waliopiga picha skrini zao, wakazituma kwingine, na kutoka huko zikatumwa kwingine tena. Jina lile lilinitoroka. Nililiona kwenye makundi nisiyoyajua, kwenye katuni ya bibi mwenye simu juu chini, kwenye tangazo la duka moja la simu. Mtu akiuliza swali la kijinga mtandaoni anaambiwa asiwe Mama Miwani. Wanaolitumia hawajui lilitoka wapi, na nadhani wengi wao ni watu wazuri.

Mwezi uliopita mshonaji alishuka kubadilisha kioo cha simu. Bado huja kwangu. Sijui kama amenisamehe au ni kwa sababu jengo halina fundi mwingine, na sijathubutu kuuliza. Alikuwa amekaa benchini anasubiri, saa tano asubuhi, korido imejaa watu. Akaja bwana mmoja wa ofisini na baba yake. Mzee alikuwa anatafuta picha za mjukuu wake, simu imemchanganya, anaigeuzageuza mkononi.

"Baba, si imeandikwa hapo?" yule bwana akasema kwa sauti. "Soma basi. Usituletee u-Mama-Miwani hapa."

Wateja wakaangua kicheko. Mchonga funguo naye akacheka, mpaka akazima mashine yake. Yule bwana akanigeukia na tabasamu, kama mtu anayemtafuta shahidi.

"Au nasema uongo, fundi?"

Nilikuwa na la kumwambia. Miaka mitatu sikukosa la kumwambia mtu. Nikamtazama mama. Alikuwa anacheka. Alikuwa amecheka kabla ya wengine na kwa sauti kuliko wote, amemshika mzee begani, ili katika korido ile asije akaonekana yeye peke yake hajacheka. Macho yake yalikuwa kwangu, hayacheki, yananisubiri.

Nikaichukua simu ya yule mzee, nikaifungulia picha za mjukuu wake, nikainama kama ninayetafuta skrubu chini ya meza. Nilikaa huko chini mpaka vicheko vikaisha. Ningependa kuwaambia kwamba nilinyamaza kwa ajili yake.